Kaptura ya Maige

Nyamizi alikaa sakafuni nje ya chumba cha mahakama, Shinyanga, miguu imevimba kwa safari ya lori la pamba. Wakili aliyetolewa na serikali alichuchumaa mbele yake. Ndiyo kwanza wanaonana.

"Mama, kama Maige hakuwa ametimiza miaka kumi na minane siku ya mauaji, hanyongwi. Alizaliwa lini?"

"Mwaka wa Uhuru. Bendera haijamaliza mwezi, mvua ikabomoa nyumba yetu. Nikamzalia kwa jirani."

"Basi alikuwa na kumi na minne. Una cheti?"

"Sina."

"Daftari la kijiji linasema ishirini."

Nyamizi alijua sababu. Mwaka wa sabini na nne, walipohamishiwa kijiji kipya, ekari ziligawiwa kwa wanaume wazima tu. Yeye mjane. Mwenyekiti, Mzee Ngassa, alimtazama Maige, mtoto wa miaka kumi na miwili, akamwandika kumi na minane. "Mpate kula," alisema. Nyamizi alimshukuru kwa magoti.

Sasa alimkuta Ngassa kwenye ua wa mahakama, amekuja kutoa ushahidi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Maige."

"Mwambie jaji ulimwongeza miaka mwanangu."

"Niseme daftari ni la uongo? Wataanza kuuliza mashamba. Wanangu wawili nao niliwaongeza humo humo."

"Basi sema ni nyinyi wazee mliomtuma amuue Bibi Bernadina. Mlisema macho yake mekundu yanaua ng'ombe. Panga mlimpa nyinyi."

"Mkono wangu ulikuwepo?" Ngassa akakung'uta vumbi kwenye suruali. "Na usipaze sauti. Wewe bado unalima kijijini kwangu."

Maige aliletwa na askari wawili. Miaka miwili mahabusu akisubiri kesi ilikuwa imemrefusha. Ndevu zimeota, sauti imekuwa nzito.

"Mayu," alimnong'oneza mama yake akipita, "yule ng'ombe mwekundu amezaa?"

Jaji alimtazama kizimbani, juu hadi chini.

"Huyu ndiye mtoto?"

Karani alicheka, akajikohoza.

Wakili alieleza habari za mvua. Jaji akauliza mvua hiyo imeandikwa wapi. Ngassa akafungua daftari, akasoma kwa sauti safi.

Maige akahukumiwa kunyongwa.

Mlangoni askari alimpa Nyamizi furushi, akamshika kidole gumba akakigandamiza kwenye karatasi. Ndani mlikuwa na kaptura ya kaki, ile aliyovaa Maige siku alipokamatwa. Nyamizi aliikunjua, akaona ilivyo ndogo, akarudi mbio nayo amwonyeshe jaji. Gari la jaji lilikuwa limeshatoka.

Wiki iliyofuata Mihayo, mdogo wake Maige, mwenye miaka kumi na mitatu, aliijaribu. Kifungo hakikufika kwenye tundu lake.

"Mayu, inanibana."

Ngassa aliingia uani na daftari kwapani. Akaketi bila kukaribishwa.

"Shamba la Maige linarudi kijijini, Mama Maige. Labda pawe na mwanamume mzima hapa."

Akamtazama Mihayo, aliyesimama ameishikilia kwa mikono miwili kaptura isiyofungika. Akafungua kalamu.

"Huyu tumwandike mingapi?"