Mikayi Hajapanda

Kama kuna kitu kilichomchosha Benta hapa duniani, ni kungoja mwanamke mwingine apande mahindi. Mila ya Wajaluo haina mchezo: mbegu ya kwanza huwekwa ardhini na Mikayi, yaani mke mkubwa, ndipo mke mdogo ainue jembe lake. Akitangulia, chira, laana ya kuvunja mila, inaingia bomani na watoto wanaanza kukonda. Sasa huyo Mikayi, Beldina, tangu wamzike mume wao mwaka wa themanini na tatu alikuwa mjini Kisumu, mtaa wa Kaloleni, akiuza dagaa wa omena, na kila mvua ilipoanza alituma salamu kwamba anakuja. Anakuja wapi! Benta alibaki huku Maseno akila unga wa dukani, shamba analo.

Shamba lenyewe halikungoja mtu. Lilianza na magugu na panya. Panya wakaita nyoka, nyoka wakaita nguchiro. Ndege wakatua vichakani wakanya mbegu za mapera na mikuyu, zikaota bila kumwomba Mikayi ruhusa. Miti ilipotia kivuli wakaja popo, wakaja paa, halafu tumbili, wezi wasio na haya, wa kuchungulia mpaka ndani ya sufuria. "Hata nyinyi mna shamba, mimi sina!" Benta aliwafokea. Mwaka wa tisini na moja wakaingia hondohondo, ndege wa midomo mikubwa, na kelele zao alfajiri zilimkera kuliko jogoo wa jirani.

Mwaka huohuo, usiamini, Beldina akafika kweli. Alikuja na mfuko wa mbegu, na nyuma yake Wasike, mpasua mbao, na msumeno begani.

"Shamba la marehemu umeliacha likawa pori! Wewe ni mke gani?"

"Mimi? Mimi, Mikayi? Haki ya Mungu, leo nitapasuka!"

"Basi nimekuja, wacha kelele. Wasike, anza na huo mvule mkongwe wa marehemu, ndio wenye kivuli kikubwa. Tukishafyeka napanda, na wewe unapanda."

Maneno hayo Benta alikuwa ameyaota miaka yote. Alitaka kupiga vigelegele. Lakini kwenye tundu la ule mvule hondohondo jike alikuwa amejifungia ndani na mayai yake, mlango ameuziba kwa udongo, ukabaki ufa tu wa kupitishia mdomo. Dume alikuwa ametua hapo sasa hivi, akimlisha tini. Hakukosa hata asubuhi moja, mpumbavu yule.

Wasike akaweka msumeno kwenye shina, tayari kukata.

"Ngoja!" Benta alijikuta amesimama mbele ya shina, mikono ameitanua. Akajichukia palepale. Mahindi yake mwenyewe anayazuia, huu si wazimu?

"Ngoja nini tena?" Beldina akauliza.

"Kuna mama ndani. Anaatamia."

"Ndege? Mvua inatupita, Benta! Tungoje mpaka lini?"

"Mpaka atoke. Keti, Mikayi. Mimi nimekungoja miaka yote hii, na wewe hukuwa umeatamia hata yai moja."