Nyundo Haina Mjomba

Pale karakanani kila mtu alimwita mwenye kazi Mjomba, hata wateja waliomzidi umri. Aliyekuwa na haki ya kumwita hivyo kwa damu ni mmoja tu, Fundi Maua. Jina la Maua alilipata kwa magrili yake ya madirisha. Alikunja nondo zikawa majani, vikonyo na maua, na wake za watu walikuwa wakiwasumbua waume zao mpaka wayanunue.

Ikaja kazi ya daraja. Lilikuwa daraja la chuma la waenda kwa miguu, la kuvusha watu mtoni baina ya soko na shule. Halmashauri ilizitaka karakana zote za mji zilete vipande vya chuma vilivyochomelewa. Vikapimwa, cha Mjomba kikashinda. Mjomba hakuwa na ndugu halmashauri, hata mlinzi wa getini hakumjua. Siku aliyopata habari alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akasema, "Kumbe inawezekana."

Kazi ilitaka fundi kiongozi, na Maua hakuwa na wasiwasi. Alishamwambia mkewe, mkewe akawaambia kwao, na baba mkwe akapiga simu ya pongezi. Mama yake Maua, dada mkubwa wa Mjomba na ndiye aliyemlea, alisema neno moja tu: "Mcheza kwao hutunzwa."

Asubuhi moja Mjomba akawaita wachomeleaji wake. Walikuwa Maua, mzee mmoja aliyekwisha kusema macho yake hayataki tena kazi kubwa, na Dada Cheche, mwanamke mwenye mdomo aliyetoka mji mwingine, alikokuwa akiunda matangi ya maji.

"Kila mtu aunge vibao viwili vya chuma," Mjomba alisema. "Tutavibana kwenye jiriwa, nitapiga nyundo."

Mshono wa Maua ulitoka laini, umejipanga kama magamba ya samaki. Wa Cheche ulikuwa mnene, umevimba.

"Dada, huo mshono au kidonda?" Maua alimuuliza.

"Subiri vipigwe, shemeji, tuone nani ataugua."

Mjomba alianza na cha Cheche. Alipiga mpaka jasho likamtoka. Kibao kikajikunja kama kiwiko, mshono ukabaki mzima. Akabana cha Maua. Pigo la kwanza, la pili, kikakatika ko, kipande kikaruka mpaka miguuni pa mwenyewe.

Mjomba akakiokota, akamwonyesha ndani. "Juu umepamba. Chini moto haukufika. Hapa umebandika tu, hukuunga. Grili halibebi mtu, Maua. Daraja linabeba watu. Cheche ataongoza. Wewe utasafisha kutu na kusaga."

"Mjomba, mbele za watu?"

"Ulitaka nikuvunjie nyumbani?"

Kesho yake mama mtu akaja. Maua alikuwa nyuma ya mlango, brashi ya waya mkononi, akasikia yote. Kwa kweli alikuwa akiomba mama ashinde.

"Nilikubeba mgongoni, wewe," mama alianza.

"Najua, dada. Nashukuru mpaka leo."

"Mwanangu anakwangua kutu, mgeni anamwamrisha. Nilikwambia mcheza kwao hutunzwa."

"Hutunzwa akicheza vizuri. Dada, kazi hii nimepewa na watu wasionijua. Wangempa shemeji ya mtu, leo ningekuwa nimekaa hapa nalalamika kwamba nchi imeoza. Sasa mara moja haki imenifikia mimi, niioze mwenyewe? Nchi nzima siiwezi. Karakana hii naiweza." Akamsogezea glasi ya maji. "Na wewe sokoni utapita wapi?"

Mama alimaliza maji aliyopewa, akainuka. Alipompita mwanawe mlangoni aliitazama brashi, akamtazama uso. "Umesikia," akamwambia. "Jifunze."

Maua alivimba siku kadhaa. Hakula vizuri, na simu za baba mkwe hakuzipokea. Kisha akachoka kuvimba. Akamfuata Cheche.

"Nionyeshe."

Cheche hakumcheka, ingawa Maua alikuwa amejiandaa kuchekwa. "Unakimbia," alimwambia. "Unataka upendeze. Tulia, acha chuma kiyeyuke chini, uzuri utakuja wenyewe ukitaka."

Kila kazi ilipokwisha, Maua aliunga vibao na kuvipiga mwenyewe. Vilivunjika kimoja baada ya kingine, mpaka wenzake wakamuuliza kama anauza chakavu. Siku kimoja kilipokunjika bila kupasuka, hakuna aliyepiga makofi. Cheche alikigeuzageuza, akampelekea Mjomba, kisha akarudi na kusema, "Boriti mbili za katikati ni zako."

Maua aliinamia kazi ili wasimwone uso. Tangu aanze ufundi, kila alichopata alikuwa hajui kama ni chake au ni cha mama yake. Hizi boriti alijua.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana, daraja likiwa na miezi michache. Mto ulijaa, maji yakawa ya tope yakibeba magogo. Maua alikuwa amesimama na mama yake chini ya kibaraza cha duka, ng'ambo ya soko. Watoto wa shule walikuwa wakivuka, mifuko vichwani, wakisukumana kama kawaida yao. Mama alimshika mkono kwa nguvu. Akamtazama, akaona mwanawe ametulia, akamwachia.

"Ungeongoza siku ile," mama alisema polepole, "leo ungesimama hivi?"

"Ningekuwa nimehama mji, mama."

Akatoa simu, akampigia Mjomba.

"Nimepiga tu kukushukuru, Mjomba."

"Umekunywa?"

"Sijanywa. Naangalia watoto wanavyovuka. Kwa siku ile, nashukuru."

Maua alisikia mtu akisafisha koo.

"Haya, mwanangu," Mjomba akasema. "Kesho wahi, kuna geti la hospitali."