Ngoma Isinyamaze Chisilo

Uliona. Usinitolee macho ya mtu aliyeamshwa usingizini. Jumatatu saa tatu asubuhi ulikuwa kwenye basi, siti ya dirishani, na basi limesimama hapa Chisilo kwa sababu polisi wamefunga barabara. Uliona wanawake kumi na mmoja na ndoo saba tupu. Uliona moshi. Ukavuta pazia, ukaendelea kutafuna kuku wako.

Jumatano ukapita tena. Barabara imefungwa tena, safari hii kwa saa mbili nzima. Hukuvuta pazia. Ulitoa simu ukapiga video, kwa sababu kulikuwa na tarumbeta.

Sasa ngoja nikukumbushe kilichokuwa upande wa pili wa pazia.

Chisilo ni kijiji cha kati ya Kintinku na Manyoni. Treni inatupigia honi na kupita, mabasi yanasimama kwa ajili ya kuku tu. Tuna kisima kimoja kirefu mwisho wa kijiji. Kisima kipo, ila mashine ya kuvuta maji ilipakiwa kwenye gari kwenda matengenezo, mwaka mmoja na miezi minne iliyopita. Kwa muda huo hata trekta zima lingekuwa limeshatengenezwa, likaharibika, likatengenezwa tena.

Wanawake wakaamua kwenda kumuuliza Mtendaji wa kijiji, Melkiori, kwa miguu, wakiwa na ndoo. Barua ya kuwaarifu polisi niliiandika mimi. Barua zote za Chisilo naandika mimi, iwe ya posa, ya shamba au ya kuomba ruhusa ya mtoto kuchelewa shule. Tuliipeleka saa arobaini na nane kabla, kama sheria inavyotaka, ikagongwa mhuri. Jibu likaja: maandamano hayawezekani, kituo kina upungufu wa askari.

Wakaenda hivyo hivyo. Na wewe ni shahidi, ule upungufu wa askari ulifika na magari matatu. Nilihesabu kofia za chuma kumi na nne, kwa wanawake kumi na mmoja. Bomu la machozi lilitua kwenye zizi la mzee Antipasi, mbuzi wakakohoa mpaka jioni. Mkuu wa kituo, Inspekta Calist, akasema kupitia kipaza sauti kwamba hataruhusu amani ivurugwe. Mbuzi wa Antipasi wangekuwa na kipaza sauti wangemjibu.

Wakamkamata Jesca. Kwa nini yeye? Kwa sababu hakukimbia. Alikuwa amembeba mgongoni mwanaye Hana, mtoto wa miezi mitano, na mama mwenye mtoto mgongoni hakimbii kwenye mawe. Mtoto wakamrudishia bibi yake, Rahabu. Ndoo wakaiandika kwenye karatasi: silaha moja, rangi ya bluu, bila mfuniko.

Jumatano ndiyo ikaja ile yenye tarumbeta. Vijana wa chama walikuja kwa malori kumpongeza mheshimiwa mmoja kwa kutuletea maji. Maji yapi? Usiniulize mimi. Barua hawakuandika, walikubaliana asubuhi ile ile kwenye chai. Polisi wale wale wakawatangulia na pikipiki, wakawagawia maji ya chupa, na askari mmoja aliyerusha bomu Jumatatu nilimwona akicheza, tena vizuri, kiuno chepesi.

Nikamfuata Inspekta Calist. "Afande, hawa kibali chao kiko wapi?"

"Hawa hawaandamani, mzee. Wanapongeza."

"Kwa hiyo barabara ikifungwa na anayepongeza, inakuwa haijafungwa?"

"Mzee, kapumzike."

Sijapumzika. Mimi nakumbuka mwaka wafugaji walipoandamana kudai josho la ng'ombe, wakarudi na migongo iliyovimba. Mwaka uliofuata wakaletwa watu kumpongeza aliyeahidi josho, wakagawiwa soda, nakumbuka hadi rangi yake, ya machungwa. Josho lenyewe leo linalala mbwa. Walionyweshwa soda wamesahau. Mimi sikupewa soda, ndiyo maana nakumbuka.

Turudi kwa Jesca. Mara tatu kwa siku Rahabu alimpeleka Hana kituoni akanyonye. Mara nyingine walimfungulia, mara nyingine walimwambia arudi baadaye, na mtoto wa miezi mitano hajui baadaye. Dhamana? "Dhamana iko wazi, bibi," alisema Calist, "ila mwenye kitabu cha dhamana amesafiri." Kisha akasema Jumatatu Jesca anapelekwa Manyoni, mahakamani, na kesi za namna hiyo huahirishwa mpaka mwezi ujao. Mwezi mzima. Hana hajui uji. Alipewa kijiko cha kwanza Alhamisi, akamtemea bibi yake usoni.

Hapo ndipo Calist na Melkiori walipogundua walichofanya.

Ijumaa asubuhi Mtendaji Melkiori alikuja kwa Rahabu, kofia mkononi. Nilikuwepo, naandika barua nyingine ya dhamana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Bibi, kesho mheshimiwa mwenyewe anakuja kuzindua maji. Tunaomba kikundi chenu cha ngoma kimpokee, kama kawaida."

Lazima uelewe hapa. Kwetu Ugogo wanawake ndio wapigao muheme, ile ngoma ya kubanwa magotini. Hakuna mgeni mkubwa aliyewahi kushuka kwenye gari hapa bila muheme. Mgeni akishuka kimya, wenyeji wataulizwa wilayani kulikoni. Na kikundi kina desturi moja ambayo hata mtoto anaijua: ngoma kubwa huanzishwa na mwenyewe tu. Ikishalia, mtu yeyote anaweza kumpokea, mwenye mikono miwili anatosha. Ila kabla mwenyewe hajaigusa, hailii, na ndogo zote zinaisubiri.

Rahabu akakohoa taratibu, kama mtu mwenye muda wote wa dunia. "Ngoma ipo, mwanangu. Iko pale ukutani."

"Tunashukuru sana, bibi."

"Mwenyewe ndiye hayupo."

"Nani mwenyewe?"

"Jesca."

Nilimtazama Melkiori usoni. Rangi ilimtoka ikaenda kusimama nje ya mlango.

"Si apige mwingine?"

"Sawa. Piga wewe."

Akaenda kwa Calist, wakazozana mpaka mchana. Saa nane wakaja wote wawili. Calist si wa huku, alihamishiwa hapa kutoka Kaskazini, anaona habari za ngoma ni ujinga. Lakini mgeni wa kesho haoni ni ujinga, na Calist anataka cheo.

"Mtuhumiwa atatoka kesho saa nne kupiga ngoma," akasema. "Lakini nisikilizeni. Ngoma ikinyamaza tu, anarudi ndani. Sitaki hadithi."

"Mwanangu," akasema Rahabu, "sisi Jumatatu tulikuletea barua. Na wewe tuletee yako. Nisije kupigwa bomu nikiwa nacheza."

Calist akacheka. "Iandikwe basi, mzee si yupo?"

Mimi huyo hapo, na kalamu. Nikaandika kama walivyosema, sikuongeza chumvi: kwamba askari watasindikiza kikundi cha ngoma kokote kitakakopita, kwamba mtu yeyote asimbughudhi mpigaji wakati ngoma inalia, kwa heshima ya mgeni, kwamba mtuhumiwa atarudishwa mahabusu ngoma itakaponyamaza. Hilo la mwisho Calist mwenyewe alinisisitizia. "Andika hapo, *ngoma itakaponyamaza*. Pigia mstari." Nikapiga mstari. Melkiori hasomi, anagonga mhuri. Calist alisoma mstari wake tu, akaridhika, akagonga wa kwake. Mihuri miwili, nakala nikabaki nayo. Iko mfukoni mwangu sasa hivi, inaloa jasho.

Jumamosi, yaani leo, saa nne, Jesca alitoka. Alimnyonyesha Hana kwanza, akiwa amesimama pale pale mlangoni mwa kituo, polisi wote wakatazama viatu vyao. Kisha akavaa ngoma kwa mkanda shingoni, akaipiga mara moja. Mara moja tu. Chisilo yote ikatoka nje.

Ungeona jinsi barabara ilivyofunguka! Calist mbele, anapunga mikono, anasimamisha malori. Wanawake walikuwa kumi na mmoja wale wale. Ndoo zilikuwa saba, hapana, sita, ya saba ni kielelezo. Hakuna aliyeuliza ndoo za nini. Waliovaa sare ya ngoma wanabeba wanachotaka.

Mgeni alikuwa ameandaliwa bomba mbele ya ofisi ya Mtendaji, lenye utepe. Nyuma ya bomba kulikuwa na tangi, na tangi lilijazwa jana na gari la maji kutoka mbali. Madereva wake walikula kwa mama Severina, wakasema kila kitu. Mgeni akashuka, akatabasamu, akaanza kucheza kuelekea kwenye utepe.

Ngoma ikakata kushoto.

Calist alikuwa ametangulia hatua thelathini kuelekea ofisini, anasindikiza hewa. Akageuka, akaona amebaki peke yake, akakimbia kutuzunguka ili awe mbele tena, maana anayesindikiza hawezi kuwa nyuma. "Mnakwenda wapi?" ananong'ona huku anapunga mkono malori yapishe. Rahabu akampigia kigelegele sikioni.

Mgeni naye afanyeje? Ngoma ni yake, watu wote wako nyuma ya ngoma, wapiga picha wako nyuma ya watu. Akafuata. Tukampeleka mpaka mwisho wa kijiji, kwenye kisima. Pale kuna sakafu ya saruji, na katikati tundu lililofunikwa jiwe. Jesca akabana ngoma magotini, akaendelea. Wenye ndoo wakazipanga mstari mbele ya jiwe.

"Mashine iko wapi?" akauliza mgeni.

"Iko matengenezo, mheshimiwa," akasema Melkiori.

"Tangu lini?"

Severina, anayeuza chakula na hajawahi kupunguza sauti tangu azaliwe, akajibu kutoka nyuma: "Tangu Hana hajatungwa mimba!"

Watu wakaangua kicheko, mgeni naye akacheka, halafu akamtazama Melkiori bila kucheka. Akasema suala hili litafuatiliwa. Akasema ana ratiba. Akampa Jesca mkono, mkono wa mtu aliyetoka mahabusu asubuhi, bila kujua, na Jesca akamshika kwa wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa kazini. Gari zikaondoka. Ule utepe bado uko pale, kuku wanautazama.

Calist akavuta pumzi ndefu. "Haya, imekwisha. Mama, twende."

Ngoma inalia.

"Nimesema imekwisha! Mgeni ameondoka!"

Nikatoa barua. Nikamsomea mbele ya kila mtu, pamoja na mstari aliotaka upigwe. Hakuna palipoandikwa mgeni akiondoka. Pameandikwa ngoma itakaponyamaza. Askari wake, yule mwenye kiuno chepesi, akakohoa kama mbuzi wa Antipasi.

"Mbukwenyi, Afande," Rahabu akamsalimia kwa Kigogo, kama ndiyo kwanza anamwona. "Keti. Usindikize vizuri."

Amekaa. Amekalia ndoo ya bluu, isiyo na mfuniko, kile kielelezo, askari wamemletea kutoka kituoni asikae chini. Amekalia silaha. Alishapiga simu mara nne kwa wakubwa, na sidhani wanamwelewa: unaripotije kwamba unazuiwa na barua uliyoigonga mhuri mwenyewe?

Basi, hali ndiyo hiyo. Sasa ni saa tisa alasiri. Ngoma imelia saa tano bila kukatika. Jesca akimnyonyesha Hana, Eliana anampokea. Eliana akichoka, Rebeka. Wanawake ni kumi na mmoja, viganja ishirini na viwili, na vingine vimeanza kutoka damu. Mtu tunayemngoja ni mwenye kitabu cha dhamana. Tumeambiwa hakusafiri mbali, yuko hapo Manyoni tu, ameaga nyumbani kwamba yuko kwa shemeji yake. Severina amempelekea ujumbe kwamba asipokuja na kitabu, mkewe atajua yuko kwa nani hasa. Atakuja. Lakini barabara ni ndefu na mikono inachoka, na Calist anajua hivyo. Anatazama viganja, hatazami nyuso. Ikinyamaza hata kwa muda wa kupiga chafya, Jesca anarudi ndani, na Jumatatu anapelekwa Manyoni, na Hana atajifunza uji kwa kulia.

Na wewe hapo dirishani. Ndiyo, wewe. Basi lako limesimama tena, polisi wamefunga barabara kwa ajili ya ngoma, unaisikia. Kijana wa Severina amekupa karatasi hizi pamoja na karanga, ukadhani ni za kufutia mikono. Mkono wako tayari uko kwenye pazia.

Achia pazia. Mshike mwenzako wa siti, mwamshe, mshuke wote. Hujui kupiga? Desturi nimeshakwambia: kuanzisha ni kwa Jesca, kupokea ni kwa yeyote mwenye mikono miwili. Kisima kiko mwisho wa kijiji, fuata sauti. Pita mbele ya polisi bila wasiwasi, wao leo kazi yao ni kukusindikiza, ina mihuri miwili.

Rebeka ameanza kubadilisha mkono. Shuka. Sasa hivi.