Kaburi Lililochimbwa kwa Wimbo

Nekoye alikuwa akipukuchua mahindi nje ya nyumba yake, kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la mzungu mmoja karibu na Eldoret, mji ambao siku hizo watu waliuita Sisibo, mumewe aliporudi kutoka Burma. Walubengo alikuwa amefia huko vitani. Magwanda yake ya jeshi yalikuwa yakichuruzika mvua ya kule. Aliketi kizingitini.

"Umechelewa," Nekoye alimwambia, akaenda kumpakulia ugali.

Hakula. Jioni iliyofuata alirudi tena, na iliyofuata vilevile, hata kizingiti kikaanza kuoza. Nyapara Kiprotich, mtu mpole aliyepewa kazi ya ukali, alipita akamsalimu marehemu, kisha akamgeukia mjane.

"Mama, huyu anataka kaburi. Si nyinyi huzikanga mgomba?"

Kweli, kwao mtu akifia mbali na mwili usirudi, lilizikwa shina la mgomba kwa jina lake, naye akatulia. Lakini bwana mwenye shamba alikuwa amepiga marufuku makaburi ya wafanyakazi. Mtu mwenye kaburi, alisema, huanza kudhani ana shamba. Atakayeshika jembe kuchimba atafukuzwa.

"Basi sitashika jembe, Mzee," alisema Nekoye.

Mama yake alikuwa mwimbaji wa matanga, na Nekoye alirithi kifua chake. Alisimama nyuma ya nyumba, akaimba ili udongo ushuke wenyewe:

*Rudi, Walubengo, moto ungali unawaka,*
*njia ya Sisibo miguu yako yaijua.*

Ulikuwa wimbo mtamu ajabu, watu walitoka hata Chepsaita, mbali kule, kuja kuusikiliza. Ila udongo, badala ya kushuka, ulipanda. Kila jioni aliyoimba uliongezeka, mpaka ukawa kichuguu kirefu kumpita kuku. Pale kizingitini Walubengo alizidi kulowa.

"Mama, hii kitu inapanda," alisema Kiprotich.

"Sasa unataka nimwambie nini? Aende?" Nekoye alifoka, kisha akalia kwa sauti, kwa sababu ndilo hasa alilokuwa akiliogopa.

Siku kadhaa hakuimba. Halafu jioni moja alitazama sahani ya mumewe, ugali umekauka, kuku wanaudonoa, wala hakuwafukuza. Aliimba papo hapo, polepole, akilipima kila neno kabla ya kulitoa:

*Nilikupakulia, wakala kuku.*
*Shati lako nimelikata, nimeshonea mto.*
*Siku hizi nalala katikati ya kitanda.*
*Umekufa, Walubengo. Nimesema.*

Kichuguu kikaporomoka. Kwa kila mstari ardhi ilizama, na kwa ule wa mwisho ikafika kina cha kaburi, kingo zimenyooka vizuri kuliko za fundi. Hakukuwa na neno la kupamba katika wimbo ule, na wanawake waliokuwapo walisema hawajapata kusikia mzuri kama huo. Walisema kweli. Walubengo alisimama, akakamua kofia yake, akalipokea shina la mgomba ambalo mkewe alikuwa amelikata, akashuka nalo. Udongo ukarudi juu yake wenyewe.

Asubuhi bwana alikuja na trekta.

"Nani amechimba?"

"Hakuna, bwana," alisema Kiprotich. "Jembe zote ni kavu."

Bwana aliyakagua majembe, akakubali kwamba hakuna aliyechimba. Hata hivyo kaburi lilikuwa kaburi. Nekoye alifukuzwa siku hiyohiyo, na tuta likasawazishwa kwa plau.

Alifunga mzigo wake, akafuta kizingiti, ambacho sasa kilikuwa kikavu, akashika njia ya kwao. Uchungu alikuwa nao, ila hakumwita mumewe amfuate.

Mahindi yalipandwa pale. Kila msimu, bwana akipita na trekta juu ya mahali hapo, wafanyakazi huacha kazi, wakavua kofia na kusimama kimya. Bwana huwapungia mkono. Anadhani wanamsalimu yeye.