Neno la Siri na Harusi ya Lintang

Niseme ukweli mapema: mimi mwenyewe ndiye niliyewapa. Miaka mitano iliyopita, mke wangu Tumirah alipokwenda Taipei kumlea bibi kizee wa watu, nilivuta waifai nyumbani ili tuwe tunaonana kwenye simu. Wa kwanza kuja kuomba neno la siri alikuwa jirani yangu wa mbele, Bu Wartini. Hapa kichochoroni kwetu Tulungagung jirani hanyimwi kitu, hata akiomba figo. Nikampa. Naye akampa dada yake, dada yake akampa mkwewe, na Ramadhani ilipoingia hata muuza tofu alikuwa anaegesha baiskeli chini ya dirisha langu na kucheka peke yake.

Sikujali sana. Tumirah alikuwa akiganda kwenye kioo cha simu, mdomo wazi, jicho moja limefumba, nami namsubiri ayeyuke. Lakini mwaka huu binti yetu Lintang akaposwa, na mwajiri akakataa kumpa Tumirah likizo, eti bibi kizee kavunjika nyonga. Alichompa ni saa moja. Saa moja tu, Jumamosi asubuhi, ajifungie chumbani kwake na simu amwone mwanawe akiolewa.

"Mas," akaniambia, maana kwetu mke humwita mumewe Mas naye huitwa Dik, "miaka mitano nakuona umeganda kama samaki wa kwenye friji. Siku hiyo nikikosa neno hata moja, sikusamehi. Duniani wala ahera."

"Utaona kila kitu, Dik."

"Unaniapia?"

"Naapa."

Basi nikaita fundi. Akaja binti mmoja, kavaa helmeti ya pikipiki mpaka sebuleni, akafungua kompyuta yake na kutazama orodha ya vifaa vilivyokuwa vinakula waifai yangu. Akanitazama mimi. Akairudia orodha.

"Pak Darmaji, humu ndani mnaishi wangapi?"

"Wawili. Mimi na binti yangu."

"Vifaa arobaini na moja."

Lahaula! Simu za kina mama wote wa kichochoro, televisheni mbili, na kifaa kimoja kilichoandikwa "Jenderali". Hicho nilikijua papo hapo. Jenderali ni ndege wa Pak Giyanto, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ndege wa mashindano ya kuimba, anayekula panzi waliochaguliwa mmoja mmoja. Giyanto kamfungia kamera kwenye tundu ili amwangalie akiwa kazini. Kutwa kucha ile kamera inarusha picha za ndege akijikuna kwapa, kwa waifai yangu! Ndege wa watu anaonekana safi kuliko mke wangu wa ndoa.

Yule binti akanitolea uvivu. Kumbe hata ruta yenyewe ilikuwa bado na neno la siri la kiwandani, lile ambalo kila ruta ya aina hiyo inalo, kwa hiyo yeyote angeweza kuingia na kupangua mambo atakavyo. Akalibadilisha. Akazima na kile kitufe kinachomwingiza mtu bila kuulizwa. Kisha akasema, "Sasa chagua neno jipya la waifai. Liwe refu, watu wasilijue. Si jina la mtoto, wala si tarehe ya kuzaliwa."

Nikajiona mjanja. Si tarehe ya kuzaliwa? Haya. Nikaweka tarehe ya harusi.

Kadi za mwaliko mia tatu zilikuwa zimeshagawiwa tangu Jumatatu, na tarehe ilichapishwa kwa wino wa dhahabu.

Kufika alasiri wote arobaini na moja walikuwa wamerudi, Jenderali wa kwanza. Bu Wartini akanipungia mkono kutoka barazani kwake. "Asante, Pak Darmaji, umetufikiria wazee! Lile la zamani lilikuwa linanichanganya."

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Usiku ule niliketi, nikabonyeza herufi na tarakimu ovyo ovyo karibu macho yamefumba, nikazinakili kwenye kikaratasi na kukificha ndani ya kofia yangu. Vifaa vikabaki viwili. Kesho yake nikampigia Tumirah, na picha ikaja safi kama kioo kilichofutwa. Nikaona nywele zake za kando zimeota mvi. Miaka yote ile sikuwa nimeziona.

"Mas, umenenepa," akasema.

Nikaisogeza simu karibu na uso.

Siku tatu kabla ya harusi ni siku za *rewang*: kina mama wa kichochoro wanakuja na visu vyao kupika bure, kwa sababu kesho na wao wana shughuli. Niliwasha moto alfajiri. Nazi themanini zimepangwa, kuku wamechinjwa. Saa moja, kimya. Saa mbili, akaja paka. Saa tatu nikamfuata Bu Wartini, ambaye ndiye jemadari wa majiko yote ya hapa.

"Bu, mbona hamjaja?"

"Kuja wapi, jirani?"

"Kupika!"

"Aa, kupika. Tungependa mno. Ila siku hizi mapishi tunaangalia kwenye simu, na simu zetu hazina mtandao."

"Bu Wartini, wewe unapika jenang tangu simu hazijazaliwa!"

"Nimesahau," akasema, akichambua maharage yake taratibu. "Uzee, Pak."

Nikajitia kidume. Jenang ni unga wa mchele wa kunata, tui na sukari ya mnazi, unakorogwa saa sita mfululizo kwa mwiko wa urefu wa mtu. Kazi ya mikono minane. Mimi ninayo miwili, na mmoja una baridi yabisi. Saa ya kwanza haijaisha ikashika chini, moshi ukanijaa machoni. Lintang akatoka, akachungulia karai.

"Bapak, hii ni lami."

Kisha akakaa chini palepale jikoni, akalia. Wageni mia tatu, na karai moja la lami. Nilimwapia mama yake, lakini huyu naye ni mwanangu. Nikavua kofia, nikachukua mkaa, nikaliandika lile neno la siri ukutani jikoni, herufi kubwa kubwa.

Adhuhuri kina mama thelathini walikuwa uani kwangu, visu vinaongea. Bu Wartini alionja jenang yangu kwa ncha ya ulimi na kuwamwagia bata.

Jumamosi ikafika. Tulikiweka kiti cha Tumirah mahali pake, tukatandika juu yake kebaya yake ya kijani, blauzi yake ya sherehe, na simu tukaisimamisha pale. Saa tatu kamili akatokea! Kajipaka wanja, kavaa hereni za harusi yetu. Lintang akapiga ukelele. Kadhi akakohoa, akamshika mkono Galih, bwana harusi, na mimi upande wa pili. Tumirah akafungua mdomo kusema kitu, akaganda.

Nikageuka. Wageni mia tatu, kila mmoja kainua simu, anarusha harusi yangu moja kwa moja kwa shangazi zake wa Sumatra. Kwa waifai yangu!

Niliwaomba. Waliniitikia "Ndiyo, Pak, ndiyo," na hakuna aliyeshusha mkono. Dakika kumi. Dakika ishirini. Kadhi akatazama saa, ana ndoa nyingine saa nne.

"Pak Darmaji, tuendelee?"

"Ibu asipoona, siolewi," Lintang akasema, na alivyosema hata Galih akasogea nyuma kidogo.

Ndipo simu yangu ya pili ikaita, ile ndogo ya vitufe. Ni Tumirah, kapiga simu ya kawaida.

"Mas! Dakika ishirini naona kidevu cha Galih tu!"

"Ni watu, Dik. Wote wamo mtandaoni."

"Nisogeze kwenye kipaza sauti."

Nikaisogeza.

"WARTINI!" Spika za harusi zikatetemeka, bata wakakimbia. "Nani alikukanda siku arobaini ulipozaa mapacha? Zima hiyo simu! Wewe Sumarni, meno yako ya bandia yalidondokea kwenye mchuzi harusini kwangu, nikayatoa, nikanyamaza mpaka leo. Zima! Nyie wa nyuma msijifiche, nawajua! Nimefuta mavi ya mama wa watu miaka mitano, naomba nusu saa nimwone mwanangu. Nusu saa tu! Na wewe kadhi wetu, samahani sana, kama na wewe umo, zima."

Kadhi akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akaizima.

Uwanja mzima ukashusha mikono. Hata wapiga picha. Tukatazama kiti: Tumirah bado kaganda.

"Bado," nikasema kwenye kipaza sauti.

"Mas, na yule ndege uliyeniambia?"

Vichwa mia tatu vikamgeukia Pak Giyanto. Akajikunyata. "Bu Tumirah, Jenderali ana mashindano kesho, lazima nimwangalie asije aka..."

"GIYANTO!"

Sijapata kuona mtu wa miaka sitini akiruka ukuta na sarongi mkononi. Tukasikia kishindo, tukasikia Jenderali akitukana kwa lugha yake, na papo hapo, kitini, Tumirah akapepesa macho.

"Namwona," akasema. "Jamani, namwona."

Galih akatamka kukubali kwake kwa pumzi moja, bila kukwama. "Sah, imesihi!" wakaitikia mashahidi, na kichochoro kizima kikaitikia nyuma yao. Lintang akaenda kupiga magoti mbele ya kile kiti, akalaza kichwa kwenye kebaya tupu, akaomba radhi na baraka. Tumirah akaweka kiganja kwenye kamera. Kikajaa kioo chote, hadi nyufa zilizoletwa na sabuni zikaonekana. Nililia mbele za watu na sikujifuta.

Zilibaki dakika tatu za ruhusa yake.

"Mas, hili nilitaka ulisikie wewe peke yako. Mkataba sisaini tena. Nimeshakata tiketi. Narudi tarehe ishirini na tatu, mwezi wa kumi na moja."

Peke yangu! Kipaza sauti nilikuwa nacho mkononi. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele, wapishi wakagonga masufuria. Nyuma ya Tumirah kengele ya bibi kizee ikalia. "Naitwa," akasema, na picha ikazimika.

Jumatatu, wageni wameshakwenda, niliufuta ule mkaa ukutani. Nikaingia kwenye ruta kuweka neno jipya, na sitawaficha, mimi ni mpumbavu asiyefundishika: niliweka tarehe anayorudi.

Nilipomaliza kunawa mikono vifaa vilikuwa arobaini na moja. Jenderali wa kwanza.

Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kubadilisha Bu Wartini alipopita chini ya dirisha na kikapu chake cha sokoni.

"Pak Darmaji," akaita bila kusimama, "zimebaki siku mia na sitini, eh? Nimehesabu nilipokuwa naliandika."

Nikaiweka simu chini, nikaenda kuangalia kalenda. Alikuwa hajakosea.