Fuko Aliyeitwa Shemeji

Fuko namba arobaini na moja alikuwa mvivu wa kupindukia, na mama aliyemtunza hakumfichia. "Mzigo wewe," alimwambia kila asubuhi akisukumiza vipande vya viazi kwenye mabomba ya plastiki. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiwalisha fuko wasio na manyoya katika chumba cha utafiti kilicho chini ya jengo la chuo, chenye joto la kumtoa mtu jasho akiwa amekaa. Walikuwa sitini, karibu wote wana wa malkia mmoja, jike pekee aliyezaa kundini. Wenzake walichimba, walizoa taka, walilea wachanga. Arobaini na moja alikula, akalala, akanenepa mpaka akawa anakwama kwenye kona.

Mtunzaji akambandika jina: Shemeji.

Si bure. Nyumbani kwake alikuwepo shemeji wa kweli, mdogo wa mumewe, aliyekuja kwa wiki mbili na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Kochi lilishachukua umbo lake. Kuosha kikombe kwake kulikuwa mwiko. Kazi yake pekee ilikuwa kusimama getini jioni, mikono mfukoni, akiikodolea macho barabara kama trafiki aliyenyang'anywa filimbi.

"Ni damu yangu," mume alitetea.

"Damu sawa, lakini mbona haizunguki?"

Siku moja mtunzaji alikuta kifuniko cha bomba kimesukumwa, fuko wake mnene hayupo. Akamwona kwenye korido, anajikokota kuelekea mlangoni. Akamrudisha. Kesho yake, tena.

"Unakwenda wapi na tumbo hilo? Nani atakupokea?"

Daktari wa utafiti, dada mmoja mwembamba aliyewaheshimu fuko kuliko watu, alipiga makofi. "Huyu si mvivu, mama. Anajiwekea mafuta ya safari. Hapa wote ni ndugu zake, hataki kuoa dada. Wa aina hii ndio hutoka kwenda kuanzisha kundi lingine."

Mtunzaji akasonya. "Mafuta ya safari! Basi mimi nina tangi zima sebuleni."

Wakamhamishia fuko kwenye sanduku jipya, pamoja na jike kutoka kundi la mbali. Mtunzaji alisubiri aibu. Badala yake, yule bwana asiyewahi kunyanyua hata kijiti alichimba kutwa, akaburura majani ya kulalia, akapungua tumbo. Baada ya miezi mitatu, vichanga tisa.

"Mnafiki mkubwa," mtunzaji akamwambia. "Kumbe ulikuwa unaweza!"

Nyumbani, mtoto wa mtunzaji ndiye aliyeropoka mezani: "Mama, watoto wa Shemeji wameshafumbua macho?"

Shemeji wa kweli akaweka kijiko chini. Akaelezwa, hakukuwa na pa kujificha.

"Kwa hiyo, shemeji, mimi ni panya?"

"Fuko. Na yeye amehama."

Mume akakohoa. Watoto wakainamia sahani. Shemeji akauliza taratibu, "Alitokaje?"

"Alisukuma kifuniko. Akarudishwa, akasukuma tena."

Asubuhi iliyofuata kochi lilikuwa tupu. Mtunzaji alilifuta vumbi kwa furaha, akageuza mito yake, akamwambia mumewe kwamba kabla ya Jumapili jamaa atakuwa amerudi na njaa yake. Jumapili ikapita. Zikapita thelathini.

Walipokwenda kumtembelea, walimkuta katika vyumba viwili vyenye rangi mbichi ukutani, na mke mshona sare za shule, tumbo mbele. Shemeji alikuwa uani akifua, mapovu mpaka viwikoni.

"Karibu, shemeji," alisema akijipangusa. Akaingia jikoni, akatoka na chai, akawamiminia mwenyewe.

Mtunzaji aliangalia ile mikono. Miaka mitatu amemfulia mashuka!

"Sukari haitoshi," akasema.

Shemeji akacheka, akaenda kuongeza. Mtunzaji akanywa vikombe viwili, na hakuna hata kimoja alichokisifia.