Mwenye Kuleta Huonja Kwanza

Povu lilishuka lote, bia ikatulia, na Ssali hakuigusa. Alikuwa amekunja mikono kifuani, macho yake hayabanduki kwa kijana aliyeketi mbele yetu. Kijana alitabasamu. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha Ssali.

"Karibu, mzee," alisema tena. "Kunywa."

Ilikuwa Jumapili mchana, Machi 1974, katika mkahawa wa Joris kule Gamla stan, mji mkongwe wa Stockholm. Uliteremka ngazi za mawe hadi chini ya ardhi, ukainamisha kichwa mlangoni, ukakuta joto na harufu ya jibini. Joris alikuwa Mbelgiji aliyeoa Mswidi, na Mungu anisamehe, nilimpenda kuliko paroko wangu. Waswidi wa siku zile walikunywa bia ama kidogo kwa aibu, ama nyingi kwa pupa. Kwa Joris bia ilikuwa na adabu zake. Kulikuwa na nyeusi iliyopikwa na watawa, ambayo alikupa katika bilauri pana yenye mguu, mfano wa kalisi ya misa, nasi Wakatoliki tukaona haya kidogo kabla ya kunywa. Kulikuwa na nyekundu ya matunda ya cheri. Na kulikuwa na geuze, chachu kuliko zote, iliyolazwa ubavu katika kikapu chembamba ili machicha yasitibuke, ikafunguliwa kizibo taratibu kama mvinyo wa harusi.

Kila bia ilikuwa na glasi yake. Glasi za bia yako zikiwa zote mezani kwa wengine, ungesubiri. Joris hakumimina katika glasi isiyo yake hata angekuja mfalme. Na ole wako uonje kwenye glasi ya jirani. Alikuwa akisema kwamba glasi ya mtu ni mdomo wake.

Mimi nilikuwa nikisomea ufundi wa viwanda vya karatasi. Ni Mhaya wa Bukoba, na msinicheke, majivuno yetu nayajua. Ssali alikuwa Muganda wa Masaka, mwalimu, rika la kaka yangu mkubwa. Mwaka 1972 askari walipoanza kuwafuata walimu majumbani, alitoka na baiskeli kama anayekwenda dukani, akapitia Kenya, na mwishowe akajikuta Stockholm, anaosha vyombo katika jiko la hospitali. Siku aliyokimbia, mkewe Damalie alikuwa kwa mama yake. Tangu hapo hakupata neno lake hata moja. Tulipanga vyumba vya jirani huko Rågsved, pembezoni mwa mji, na kupitia ukuta nilimsikia akizungumza na Damalie kana kwamba yupo jikoni.

Mara ya kwanza alipoonja geuze alifumba macho. Ilikuwa na uchachu, na harufu ya zizi, na chini yake utamu uliojificha.

"Tonto," alisema. Ndivyo wanavyoiita pombe ya ndizi kwao.

"Rubisi," nikamsahihisha.

Tukabishana ndizi za nani zinatoa pombe bora, sauti zikapanda, hadi Joris akaja kuuliza kuna nini. Tulipomweleza alifurahi mno. Akasema geuze nayo haitiwi hamira. Huachwa wazi, upepo ukaingia na kufanya kazi yake. Ssali alicheka mpaka magego yakaonekana. Kuanzia siku ile hatukukosa Jumapili. Nadhani hapo ndipo mahali pekee katika mji ule ambapo alisahau kuitazama saa yake.

Kwetu na kwao mila ni moja: mwenye kukuletea pombe huionja kwanza mbele yako, ndipo akakukabidhi. Anakuonyesha kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Hata mtoto akimpelekea baba yake huonja. Mimi na Ssali pale kwa Joris kila mtu aliagiza yake, kwa hiyo jambo hilo halikuwahi kutokea.

Hadi alipokuja huyo kijana. Alitusalimu kwa Kiswahili, akajitaja jina, Mukasa, mwanafunzi kutoka Uganda. Alikuwa akimtafuta Mzee Ssali wa Masaka. Ameambiwa Waganda wengine hufika pale Jumapili. Akamwangalia mwenzangu. "Je, ni wewe, mzee?" Ssali akakunja mikono kifuani. Kijana akaenda kaunta, akazungumza na Joris kwa muda, wakarudi pamoja na geuze tatu. Moja akamsogezea Ssali. Hakuionja.

"Nani alituma wewe?" Ssali aliuliza.

"Hilo siwezi kulisema mpaka nijue nazungumza na nani."

Chini ya meza Ssali alinikanyaga mguu. "Huyo Ssali mimi sijui yeye," alisema. "Alienda. Pengine alikufa."

Mukasa aligeuka kunitazama. Nikatazama bia yangu. Wakimbizi walikuwa na sheria yao miaka ile: humtaji mwenzako kabla hajajitaja mwenyewe. Kijana akashukuru, akavaa koti lake, akapanda ngazi.

"Hakuonja," Ssali aliniambia. "Na Kiswahili umesikia? Muganda, kwa Muganda, anasema Kiswahili! Kwetu hiyo ni lugha ya wenye bunduki."

Nilikubaliana naye. Habari za majasusi wanaofuata watu mpaka ng'ambo tulizisikia kila wiki. Tuliondoka tukiwa tumejiona wajanja, na njiani alinipiga bega, akaimba kidogo kwenye treni. Wimbo ule unaniuma hadi leo.

Mwezi Julai Watanzania tulisherehekea Sabasaba kule Uppsala. Mtu akanishika mkono kwenye foleni ya chakula. Alikuwa Mukasa.

"Kaka, yule mzee wako," alisema, "kweli hakumfahamu Ssali?"

Nikamuuliza alikuwa anamtakia nini.

Alikuwa ametumwa na Damalie. Damalie alikuwa amevuka mpaka na kuhifadhiwa na masista Bukoba. Mukasa naye alikimbilia huko, akakaa mwaka mzima, ndiko alikojifunza Kiswahili. Alipopata nafasi ya kuja kusoma Uswidi, Damalie alimpa ujumbe wa mdomo, amfikishie Ssali mwenyewe na si mtu mwingine: yuko hai, anangoja neno lake mpaka Pasaka. Asipolipata atajua kwamba yeye ni mjane, naye atarudi Masaka kumtunza mama yake.

"Nilimwandikia mara moja," Mukasa alisema. "Nikamwambia sikumpata. Kwamba watu wanasema pengine alikufa."

Sahani yangu niliiweka chini, kwenye majani. "Mbona hukuonja?"

Alishtuka kwamba nakumbuka. "Nilitaka, kaka. Nilimwuliza yule mzungu wa kaunta kama inafaa. Akaniambia humu ndani ni mwiko kugusa glasi ya mwenzio. Nikasema mgeni hufuata ya mwenyeji. Na Kiswahili niliwakuta mkikizungumza, nikakifuata kwa ajili yako wewe, ili usikae pale kama gogo."

Kwa ajili yangu. Na Damalie alikuwa Bukoba. Kutoka nyumbani kwa baba yangu hadi kwa masista wale ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Baba alikuwa akipita langoni kwao kila Jumapili, amevaa kofia yake, anawasalimu.

Nikapiga simu ya maandishi nyumbani. Baba akajibu kwamba Damalie aliondoka Jumanne baada ya Pasaka, kwa lori la kahawa, kuelekea mpakani Mutukula. Lori lilifika. Kwa mama yake hakufika. Hakuonekana mwaka ule, wala baada ya vita vya mwaka 1979, Ssali aliporudi akamtafuta nyumba kwa nyumba.

Nilimwambia Ssali jikoni, Rågsved, akiwa anaosha sufuria. Nilipotaja Bukoba aliketi sakafuni na sufuria mapajani, maji ya sabuni yakamlowesha. Hakulia wala hakulaani. Aliuliza kama yule kijana angekubali kuja tena kwa Joris.

Akaja, Jumapili moja ya Agosti. Sikutaka kuwepo, lakini Ssali alisema lazima awepo mtu wa kushuhudia. Meza ilikuwa ileile. Joris alileta geuze tatu, akamimina, na Mukasa akanyoosha mkono akaichukua glasi ya Ssali. Joris alifungua mdomo kukemea, akatuangalia, akarudi kaunta.

Mukasa alionja. Akapangusa ukingo wa glasi kwa kiganja, akamkabidhi Ssali kwa mikono miwili. Ssali akaipokea kwa mikono miwili, akanywa.

"Mimi ndiye Ssali," alisema.

Safari hii walizungumza Kiganda. Kihaya na Kiganda ni ndugu, nilisikia kila kitu. Mukasa alikaa wima, akausema ujumbe kama alivyokabidhiwa, bila kupunguza.

"Damalie anakusalimu. Anasema amevuka, hajambo, yuko kwa masista Bukoba. Anasema anangoja neno lako mpaka Pasaka. Asipolipata atajua kwamba yeye ni mjane, naye atarudi Masaka kumtunza mama yake."

Kupitia kidirisha cha juu tuliona miguu ya watu barabarani, wamevaa viatu vya wazi. Ssali alisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepanga safari.

"Mwambie nakuja," alisema.

"Nitamwambia, ssebo," Mukasa akamjibu kwa heshima ya kwao.

Kisha tukamaliza bia zetu, kwa kuwa haikuwa heshima kuziacha.